Mawakili hawakuchagui, wanakata majina: jibu kwa dada wa Houston aliyerudishwa nyumbani

Dada mmoja mwenyeji wa Tanga, anaishi Houston na kashapata uraia, kaniandikia ujumbe mrefu, mi naufupisha. Alipata samansi ya juri, yaani wito wa kwenda kuwa mmoja wa raia 12 wanaoamua kesi, akaenda, wakaingizwa watu 65 kwenye chumba cha mahakama, kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha, yeye kapewa namba 23. Maswali asubuhi nzima. Mwendesha mashtaka akauliza kama shahidi mmoja anatosha kumtia mtu hatiani, dada akasema angalau wawili. Baadae akaitwa mbele kwa jaji akaulizwa tena kama ataweza kufuata sheria, akajibu "nitajaribu". Wakili wa utetezi alikuwa mchangamfu sana kwake. Mchana yakasomwa majina 12, lake halimo, la jamaa mmoja namba 31 limo, jaji akashukuru wengine wakaondoka. Sasa anauliza: "Hawa mawakili wanachaguaje watu? Nimekatwa sababu ya hijabu na lafudhi yangu au vipi? Na yule wakili aliyenichekea mbona hakunitetea nibaki?"

Waaleikum salaam dada. Naanza na hilo la mwisho maana ndo linafungua mengine yote. Hakukutetea kwa sababu hana uwezo huo. Hamna wakili Marekani, awe wa serikali au wa utetezi, mwenye mamlaka ya kusema "namtaka huyu". Sheria imempa kitu kimoja tu, kukata. Anakata wa kwake, mwenzie anakata wa kwake, na wale 12 mnaowaona wamekaa pale hawajachaguliwa na mtu, ni watu ambao hakuna upande uliowaogopa kiasi cha kuwapotezea kura yake ya kukata. Ukilishika hilo utaona kwamba habari ya "kwanini hawakunipenda" haipo kabisa, swali ni nani alikuogopa.

Kukatwa kuko kwa aina mbili. Ya kwanza ni kwa sababu, yaani wakili anamwambia jaji huyu mtu hawezi kutenda haki kwenye kesi hii, ni shemeji wa shahidi, au kasema mwenyewe polisi hawezi kudanganya, au kasema mshtakiwa asiposimama kujitetea basi ana hatia. Hii haina kikomo, hata 30 wanaweza kuondoka, ila jaji lazima akubali. Minneapolis mwaka 2021 kwenye kesi ya Derek Chauvin, polisi aliyemuua George Floyd, kuna watu wawili walikuwa washakubaliwa kabisa, afu katikati ya zoezi mji ukatangaza kulipa familia ya George Floyd dola milioni 27, jaji Peter Cahill akawaita tena akawauliza umeisikia hii habari na imekugusa vipi, wale wawili wakakiri imewagusa, wakaondolewa. Hiyo ndo sababu.

Ya pili ni kukata bila kutoa sababu. Hapa kila upande una idadi yake ya kura na hatoi maelezo kwa mtu. Texas kwenye kesi kubwa ya jinai kama hiyo yako, ambayo si ya hukumu ya kifo, kila upande una kura 10. Kesi ya kifo 15 kwa 15. Mahakama za serikali kuu ni tofauti, kule utetezi wana 10 na serikali 6, na mara nyingi jaji mwenyewe ndo anauliza maswali, mawakili wanabaki kupeleka vikaratasi. Texas mawakili wanauliza wenyewe, ndo maana mlikaa asubuhi nzima.

Sasa tupige hesabu yako. Mmekaa kwa namba, 1 mpaka 65. Maswali yakiisha jaji anaondoa kwanza wale wa kukatwa kwa sababu, afu wanaobaki wanahesabiwa kuanzia mbele: 12 wa kukaa, jumlisha 10 za serikali, jumlisha 10 za utetezi, inakuwa 32. Hao 32 wa mwanzo ndo wanaohesabika, na kwa kuwa kuna waliokwishaondolewa mbele yao unakuta mstari umesogea mpaka namba 40 na kitu huko, kutegemea waliotoka ni wangapi. Aliyekuwa namba 60 alikaa pale kuhesabu taa za dari tu, labda mbele waondoke watu wengi sana. Mawakili wanapewa muda mfupi, kila upande unajifungia na karatasi yake unachora mistari kwenye majina 10, wanampa karani kwa siri, hakuna anayeona ya mwenzie, na inatokea wote wawili wamemkata mtu yuleyule na kura imepotea bure. Karani anaanza juu anashuka, majina 12 ya kwanza yasiyo na mstari, basi, hao ndo juri.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "nimekatwa au sikufikiwa" mi namuuliza namba ya mwisho iliyokaa ilikuwa ngapi. Kama namba ya mwisho iko kabla yako, hujakatwa na mtu, foleni iliishia kabla yako. Wewe unasema namba 31 alikaa na wewe ni 23. Basi hapo hamna ubishi dada, jina lako lilichorwa, ama na jaji kwa sababu, ama na upande mmoja.

Tuje kwenye shahidi mmoja. Hilo swali halikutoka hewani. Karibu kila mwendesha mashtaka Texas analiuliza, hasa kwenye kesi za unyang'anyi, maana mara nyingi alichonacho ni mtu mmoja aliyeporwa anasema ni huyu hapa. Sheria ya pale inasema shahidi mmoja anatosha kama umemwamini pasipo kuacha shaka yoyote, isipokuwa kwa mashahidi wa aina fulani, mfano mshirika wa uhalifu ambaye lazima ushahidi wake uungwe mkono na kitu kingine. Sasa sisi tuliokulia madrasa, mashahidi wawili imeingia kwenye damu, na hata asiyepita madrasa kwetu anaona mtu mmoja ni "yeye anasema hivi na yule anasema vile". Ulijibu kwa moyo mweupe, ila mwendesha mashtaka yeye kasikia: ana shahidi mmoja, na huyu mama anataka wawili. Pale pale msaidizi wake aliyekaa mezani ana karatasi ya viboksi 65, kaweka alama kwenye kiboksi cha 23. Uangalie siku nyingine, anayeongea haandiki, anayeandika haongei.

Kwanini ukaitwa mbele? Hapa pana ufundi kidogo. Mahakama ya juu ya jinai ya Texas imeweka tofauti ambayo mawakili wanaipigania kila siku. Ukisema "hata nikimwamini huyo mmoja kabisa, bila shaka yoyote, bado simtii mtu hatiani mpaka aje wa pili", hapo umekataa sheria, unaondolewa kwa sababu. Lakini ukisema "kwa mtu mmoja tu mimi siwezi kufika kwenye hali ya kutokuwa na shaka", hiyo ni kipimo chako cha shaka na sheria inakuruhusu kuwa nacho, jaji hatakiwi kukuondoa. Maneno yanafanana, ila la kwanza linampa mwendesha mashtaka kukukata bure na la pili linamlazimisha atumie moja kati ya kura zake 10. Kwa hiyo pale mbele walikuwa wanakuvuta kila mmoja upande wake, wa serikali anataka useme la kwanza, wa utetezi anataka useme la pili.

Na wewe ukajibu "nitajaribu". Kwetu hiyo ni ndio yenye adabu, nani anaapa kwamba ataweza jambo kabla hajalifanya? Kwa wakili wa Marekani hiyo ni dhahabu. Ukimwambia jaji nitajaribu, nadhani, huenda, wanaona hujaamua, wanakubana mpaka utoe ndio au hapana, na usipoitoa jaji anakusoma uso na sauti, na uamuzi wake hapo mahakama za rufaa huwa hazipendi kuugusa.

Maswali mengine uliyoyasikia yana mtego wa aina hiyohiyo. "Lengo la adhabu ni nini, kumrekebisha mtu, kumtisha mwingine, au kumwadhibu?" Hili linaulizwa kwa sababu Texas mshtakiwa anaweza kuchagua juri ndo impangie kifungo. Unyang'anyi wa silaha ni miaka 5 mpaka 99 au maisha, na juri inaweza hata kupendekeza kifungo cha nje kwa mtu asiye na rekodi ya kosa kubwa. Wa utetezi anauliza nani hapa hawezi kabisa hata kufikiria kifungo cha nje kwa mtu aliyeshika silaha, mikono inanyooka kama 15, wote hao anaandika namba zao anakwenda kuomba waondolewe kwa sababu. Hakuwa anatafuta majibu mazuri yule, alikuwa anatafuta mikono. Wakili mwenye uzoefu akipata jibu baya anafurahi, anashukuru, anasema "asante kwa ukweli wako, nani mwingine anaona hivo?" Mwanagenzi yeye akisikia jibu baya anaanza kubishana na mtu, mwisho watu wote wanaogopa kusema na wale wabaya wanabaki wamejificha mle ndani.

Hapo ndo unaelewa tabasamu la yule wakili wa utetezi. Kwanza alikuwa anatabasamia kila mtu, ndo kazi. Pili, kama kweli alikuona unamfaa, kosa kubwa angelifanya ni kukuuliza maswali mengi mbele ya watu. Kila jibu zuri kwake ni sababu kwa mwenzie ya kukuchora. Ukiona wakili anakuruka kabisa, hakuulizi kitu, siku nzima hata jina hakutaji, huyo ndo anakutaka. Mwenye kukupa dakika tano za maswali ama anatafuta njia ya kukutoa, ama anatumia mdomo wako kufundisha wengine somo.

Wanakujuaje? Fomu uliyoijaza, kazi, elimu, kazi ya mume, watoto, kama uliwahi kukaa juri au kuwa mlalamikaji kwenye kesi ya jinai. Siku hizi na simu mkononi, orodha ikitoka tu kuna mtu anapitia Facebook zenu. Chama cha Mawakili cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2014 kwamba kuangalia kilicho wazi kwa kila mtu ruksa, ila kukutumia ombi la urafiki ni marufuku, ni kuwasiliana na mjumbe wa juri. Kwa hiyo kama umeposti malalamiko yako kuhusu polisi na umeiacha wazi, washaisoma.

Baada ya hapo ni ngano. Mawakili wana ngano zao kama mabibi: manesi ni wakali au manesi wana huruma, inategemea unaongea na nani. Mwalimu anampenda mkosaji, mhandisi anataka kila kitu kiwe na vipimo, mhasibu usimweke kwenye kesi ya fidia ya mamilioni. Wenye hela wanaajiri washauri maalumu wa juri, utetezi wa O.J. Simpson, yule nyota wa mpira wa Marekani aliyeshtakiwa kwa mauaji, mwaka 1995 walikuwa nao, wanafanya tafiti za maoni, wanatengeneza juri ya majaribio. Mi binafsi siamini sana. Anachokwambia mtu kwa mdomo wake kina uzito kuliko kazi yake au kabila lake, na shida ni kwamba wakili ana dakika 45 kwa watu 65, hapati hata dakika moja kwa mtu, kwa hiyo akikosa la kushika anarudi kwenye ngano. Na ngano mbaya kuliko zote ni rangi.

Hapa sasa tunafika kwenye swali lako la hijabu na lafudhi, na silipiti haraka.

Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Batson, mtu mweusi wa Kentucky, mwendesha mashtaka alitumia kura zake kukata weusi wote wanne waliokuwa wamebaki. Ikasemwa hapana, huwezi kukata mtu kwa rangi. Baadae ikaongezwa kwamba hata utetezi hauwezi, hata kesi za madai, na mwaka 1994 ikaongezwa jinsia. Utaratibu ni hatua tatu: upande mmoja unanyanyuka unasema huyu mwenzetu anakata kwa rangi na dalili ni hizi, mwenzie anatoa sababu isiyo ya rangi, jaji anaamua kama sababu ni ya kweli au ya kubuni. Kwenye karatasi ni nzuri. Tatizo ni hatua ya pili, maana kila mtu ana sababu. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu hiyohiyo ilikubali sababu ya mwendesha mashtaka wa Missouri aliyesema kamkata jamaa kwa kuwa ana nywele ndefu na ndevu. Haihitaji iwe sababu ya akili, inahitaji isiwe ya rangi, basi. Tangu hapo utasikia "aliangalia chini", "alionekana kuchoka", "alifunga mikono kifuani".

Texas yenyewe ina historia. Dallas, kesi ya Miller-El, iliyosikilizwa 1986: walibaki weusi 11 wenye sifa, waendesha mashtaka wakakata 10. Na walitumia kitu ambacho Texas ipo kisheria mpaka leo, kuchanganya kadi. Kabla maswali hayajaanza upande wowote unaweza kuomba majina yachanganywe upya, na kama nilivyokwambia namba ndo kila kitu, aliyeko mbele anahesabika aliyeko nyuma hahesabiki. Pale Dallas walikuwa wakiona weusi wengi wamekaa mistari ya mbele wanaomba kadi zichanganywe. Hawajauliza swali hata moja. Mahakama ya Juu ilifuta hukumu hiyo 2005, karibu miaka 20 baadae, mtu yuko kwenye chumba cha kusubiri kunyongwa.

Na Mississippi, Curtis Flowers, alishtakiwa mara sita kwa mauaji yaleyale na mwendesha mashtaka yuleyule. Kwa jumla ya kesi zote serikali ilikata weusi 41 kati ya 42 iliokuwa na nafasi ya kuwakata. Lakini kilichonikaa mimi ni hesabu ya maswali ya ile kesi ya sita: weusi watano waliokatwa waliulizwa maswali 145, wazungu 11 waliokaa waliulizwa 12. Wote kwa jumla, 12! Ukimuuliza mtu maswali 29 lazima upate kitu cha kumkatia, ukimuuliza moja utapata nini? Mahakama ya Juu ilitengua 2019, na mwaka uliofuata mashtaka yakafutwa.

Kwahiyo unajuaje kwako? Kipimo kinachotumika ni kulinganisha. Yule namba 31 aliyekaa, yeye alijibu nini kuhusu shahidi mmoja? Kama naye alisema wawili na hakuitwa mbele, na yeye hana hijabu na hana lafudhi, hapo pananuka. Kama alisema mmoja anatosha nikimwamini, basi tofauti yenu ni jibu, na kwa uliyoniandikia mi naona jibu lako peke yake linatosha mwendesha mashtaka kukuchora hata ungekuwa binti wa mchungaji wa hapohapo Houston.

Lakini hijabu ina jambo lake ambalo wengi hawalijui. Batson inalinda rangi, asili na jinsia. Dini, Mahakama ya Juu ya Marekani haijaiongeza, na mahakama ya juu ya jinai ya Texas miaka ya 1990, kwenye kesi iliyohusu Wapentekoste, ilisema kukata mtu kwa dini hakuvunji katiba. Kwa hiyo Texas wakili akisema nimemkata kwa sababu ya imani yake, naona aibu kuandika hivi ila ndo ilivyo, ana pa kusimama. Wakili mjanja wa upande wa pili atasema hiyo dini ni kivuli tu cha asili ya mtu, mweusi mhamiaji, alipige hapo.

Na lafudhi, nayo haijatulia. Sheria inataka ujue kusoma na kuandika, uwe raia, mkazi wa kaunti, miaka 18, usiwe na hatia ya wizi au kosa kubwa, haisemi uongee kama mtangazaji wa redio. Ila kuna kesi ya New York ya 1991, Hernandez, hii Waswahili wa ughaibuni wote muijue. Mashahidi walikuwa wanaongea Kispania, mwendesha mashtaka akakata Walatino wanaojua Kispania akisema walisitasita alipowauliza kama watakubali tafsiri ya mkalimani wa mahakama badala ya masikio yao. Mahakama ya Juu ikasema hiyo ni sababu halali, si kabila. Sasa jaza Kiswahili hapo. Houston, Dallas na Fort Worth kuna Wakongomani na Warundi wengi waliokuja kama wakimbizi, kesi zao zinakuwa na mkalimani wa Kiswahili. Ukiitwa kwenye juri ya kesi kama hiyo utaulizwa: shahidi akisema jambo mkalimani akalitafsiri vingine, utafuata lipi? Sheria inataka ufuate la mkalimani, ili wajumbe wote 12 wawe wamesikia ushahidi mmoja. Ukisema "mi nitafuata nilichosikia" unatoka. Kwa hiyo mtu pekee mle ndani ambaye angegundua mkalimani kakosea ndo wa kwanza kutolewa. Siipendi hiyo kanuni lakini ndo kanuni.

Wengine wamechoka na mchezo wote huu. Arizona tangu Januari 2022 wamefuta kabisa kukata bila sababu, ukitaka mtu atoke mwambie jaji kwanini. Washington mwaka 2018 na California mwaka 2022 hawakufuta ila wamesema zile sababu za kizamani, kwamba haamini polisi, anaishi mtaa fulani, hakunitazama machoni, zinachukuliwa tangu mwanzo kuwa si halali mpaka wakili athibitishe vingine. Uingereza walifuta tangu 1988, Kanada 2019 baada ya kelele za kesi ya Gerald Stanley, mkulima aliyempiga risasi kijana wa asili Colten Boushie, maana watu walioonekana ni wa asili waliondolewa kwenye juri na yule mkulima akaachiwa huru. Mi ni wa utetezi na wenzangu wengi wa utetezi watanipiga mawe, wanasema zile kura 10 ndo silaha pekee ya kuondoa mtu ambaye unajua kabisa anamchukia mteja wako ila kajibu vizuri. Wana hoja. Ila nimeona karatasi nyingi za viboksi na naona Arizona wako sahihi.

Kwetu Afrika Mashariki hili hatukuwahi kulionja kwa upana, sisi tumezoea wazee wa baraza wanaomshauri jaji. Juri Kenya ilikuwepo ila ya Wazungu kwa Wazungu enzi za mkoloni, ndo iliyomwachia Jock Delves Broughton, Mwingereza aliyeshtakiwa kwa mauaji, pale Nairobi 1941. Hapo hakukuwa na haja ya kukata mtu kwa rangi, rangi ilishakatwa mlangoni.

Utaniuliza ulalamike wapi. Hupati pa kulalamika, na sikwambii hivi kukuvunja moyo. Pingamizi la Batson linatakiwa litolewe palepale kabla juri haijaapishwa, na wa kulitoa ni wakili wa mshtakiwa au wa serikali. Mahakama ya Juu imesema haki ya kutobaguliwa ni yako wewe uliyekatwa, lakini kivitendo wenye mdomo ni wao. Kama yule wa utetezi alikuchekea afu hakunyanyuka, ama hakuona dalili, ama alikuwa amekukata yeye mwenyewe. Ndio, inawezekana pia! Umeniandikia uliulizwa kazi ukasema unafanya kwenye nyumba ya wazee shifti ya usiku. Kama aliyeporwa kwenye ile kesi ni mzee, wa utetezi angekukimbia kuliko wa serikali. Hukuniambia aliyeporwa ni nani, ndo maana nasema kwa uzito mkubwa ni wa serikali, sisemi kwa yakini.

Mambo mawili ya haraka kwa wengine wanaosoma. Samansi zinatoka kwenye orodha ya wapiga kura na ya leseni za udereva kwa pamoja, kwa hiyo mwenye kadi ya kijani, yaani mkazi wa kudumu asiye raia, ataletewa tu, isikutishe. Weka alama kwamba si raia, irudishe, usiende kukaa pale ukadai uraia usio nao, hiyo itakufuata uhamiaji. Na kama uliwahi kujiandikisha kupiga kura kimakosa, ongea na wakili wa uhamiaji kabla hujairudisha fomu, maana majina ya waliosema si raia yanapelekwa kwa wanaoandikisha wapiga kura. La pili, bosi hawezi kukufukuza kazi kwa kwenda juri, sheria ya Texas inakataza waziwazi, na tangu Septemba 2023 malipo yamepanda kuwa dola 20 siku ya kwanza na 58 kila siku inayofuata.

Dada, utaitwa tena, Houston wanaita sana. Wakikuuliza la shahidi mmoja jibu unachoamini, usijifunze jibu langu ukalipeleka kule, uko kwenye kiapo. Ila jibu kwa ndio au hapana, afu eleza.